Ujumbe Uliofichwa Ndani ya Picha

Kufumba barua na kuficha barua si jambo moja. Afumbaye huandika kwa alama zisizosomeka, na kila azionaye ajua kwamba pana siri. Afichaye ataka barua yenyewe isijulikane kuwako.

Herodoto atusimulia habari za Histiaios wa Mileto, aliyekaa Susa kwa mfalme wa Waajemi, njia zote zikilindwa. Alimnyoa mtumwa wake, akamchanja maandiko kichwani, akangoja nywele ziote, ndipo akamtuma. Walinzi waliona nywele tu. Kule Mileto mtumwa akanyolewa tena, maneno yakasomwa, na mwaka 499 mbele ya Kristu Waionia wakaasi.

Mnamo mwaka 1499 Johannes Trithemius, abate wa Sponheim katika Ujerumani, alitunga kitabu juu ya ufundi huo, jina lake Steganographia. Kwa kuwa alikivika majina ya pepo, watu walimdhania mchawi. Kilipigwa chapa mwaka 1606, na mwaka 1609 kikatiwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Katika miaka ya 1990 wataalamu walionyesha kwamba hata sehemu yake ya tatu ilikuwa maneno yaliyofumbwa kwa hesabu. Abate alificha mno, akapotewa na jina lake jema.

Sasa tutazame picha za kompyuta. Mwaka 2001 Andreas Westfeld alitoa njia iitwayo F5, ya kubadili kidogo hesabu za picha ili zibebe ujumbe. Mwaka uliofuata Jessica Fridrich na wenzake waliigundua: hesabu zilizoguswa hazikufanana tena na za kawaida.

Basi kumbe, yafaa kuiga kamera yenyewe. Kamera hupima nuru katika kila kitone, na kipimo hicho huyumbayumba hata kitu kisipotikisika. Kwa hiyo kila picha ina chengachenga nyepesi. Kamera ikiongezwa wepesi wa kupokea nuru, chenga huzidi. Mwaka 2016 Patrick Bas wa Ufaransa alieleza hila hii: twaa picha yenye chenga chache, uiongezee nyingine kama zile ambazo kamera hiyo hiyo ingezileta kwa wepesi mkubwa zaidi. Mpango wa chenga hizo ndio ujumbe.

Lakini kanuni ya JPEG, ya mwaka 1992, hupunguza uzito wa picha kwa kuigawa katika vipande vya vitone 8 kwa 8. Tena kamera yenyewe huunganisha chenga za vitone vilivyo jirani. Asiyefuata maungano hayo hujulikana upesi. Mwaka 2018 Bas, Fridrich na Tomáš Denemark walieleza namna ya kuyafuata.

Je, ufundi huu ni mwema au mbaya? Twaona kwamba waweza kumkinga mtu aonewaye, na waweza kumfichia mhalifu. Hukumu ni juu ya ujumbe na mwenye kuutuma. Ila jambo moja halikubadilika tangu Susa: mlinzi hatafuti maneno, hutafuta kisicho cha kawaida. Nywele za yule mtumwa zilikuwa nywele zake mwenyewe. Ndiyo maana alipita.