Tusiwafungie Watoto Ndani: Kutoka Bwaise Hadi Msitu wa Mabira



Mvua kubwa ikinyesha usiku hapa Bwaise, asubuhi yake kila mtu anaijua kazi inayomsubiri: kuinua magodoro, kuchota maji ndani ya nyumba na kuwakataza watoto wasitoke. Mtaro umefurika, hakuna pa kuchezea. Watoto wanakaa mbele ya televisheni na simu mpaka jioni, nasi tunalalamika kwamba kizazi hiki ni kivivu. Je, sisi wazazi tumewaonyesha mahali pengine pa kupeleka miguu yao?

Safari hii tunapenda kuzungumzia burudani isiyo na gharama kubwa: kutembea msituni na kutazama ndege. Wengi wetu tulidhani hilo ni jambo la Wazungu wenye kofia na darubini. Historia ya mahali tunapoishi inasema vingine.

Mji wenye jina la swala

Wazee wanasimulia kwamba vilima hivi vilikuwa mawindo ya Kabaka, na jina Kampala limetokana na swala aitwaye mpala. Kila ukoo wa Baganda una muziro wake, yaani mnyama, ndege au mmea ambao wenye ukoo huo hawamli wala hawamdhuru. Wako wa Nkima, ambaye ni tumbili, wako wa Ngabi, ambaye ni pongo, na wako wa Ng'aali, yule korongo mwenye taji aliye kwenye bendera ya Uganda. Mtoto alijifunza majina hayo nyumbani kabla ya kujua kusoma. Hata mti wa mutuba, ambao gome lake linapondwa kuwa nguo, ulikuwa elimu ya familia, na mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa dunia nzima.

Basi kumjua mnyama na mti kwa jina lake si ugeni kwetu. Ni mazoea tuliyoyaacha tulipohamia mjini.

Msitu uliokaribia kukatwa

Mabira uko kwenye barabara ya Jinja, kilomita 50 hivi kutoka Kampala, na una ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Miaka ya 1970 watu wengi waliingia, wakakata miti na kulima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliondolewa, na sehemu zilizolimwa zikaanza kuota miti tena. Leo zaidi ya aina 300 za ndege zimeorodheshwa humo.

Kisha ikaja mwaka 2007. Serikali ilikusudia kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi hekta 7,100 hivi, karibu robo ya msitu, zipandwe miwa. Ujumbe wa simu ukazunguka ukiwataka watu wasinunue sukari hiyo. Ufalme wa Buganda ukajitolea kutoa ardhi nyingine badala ya msitu. Tarehe 12 Aprili watu waliandamana Kampala. Maandamano yakaharibika, na watu wasiopungua watatu wakafa, mmoja wao mtu wa asili ya Kihindi aliyeuawa na umati. Hilo tuwaeleze watoto bila kuficha: kuupenda msitu hakumpi mtu ruhusa ya kumdhuru jirani asiye na kosa. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza kuuacha mpango. Ulifufuliwa mwaka 2011, ukapingwa tena. Msitu bado upo.

Mwaka huohuo wa 2007 mtaalamu Colin Groves aliandika kwamba kima mmoja mweusi wa misitu ya Uganda, anayeishi Mabira pia, ni aina ya peke yake. Tafakari, ndugu msomaji: tulikaribia kumpoteza jirani ambaye tulikuwa hata hatujamjua vizuri.

Na kinamasi chetu je?

Hapa ndipo penye uchungu. Bwaise imejengwa bondeni, pembeni ya kinamasi cha Lubigi. Mafunjo yake yalikuwa yakinywa maji ya mvua kutoka vilimani na kuyaachia polepole. Tuliyafukia kidogo kidogo: huyu alijenga chumba, yule akalima magimbi. Mwaka 2009 ikafunguliwa barabara ya Northern Bypass, ambayo sehemu yake inapita kinamasini humo. Juni 2024 NEMA iliwaondoa waliojenga Lubigi, na familia nyingi zikabaki bila makazi.

Kwa ajili ya Mabira watu waliandamana. Kwa Lubigi, ulipofukiwa, ni wangapi walioandamana? Tunaona sababu moja ni hii: Mabira uliitwa msitu, na watu waliuona kila waliposafiri kwenda Jinja. Lubigi tuliuita uchafu tu. Mtu hatetei asichokijua, na kukijua kunaanzia kwenye kutembea.

Tuanze vipi?

1. Anzeni nyumbani. Mpe mtoto daftari amwandike kaloli, yule ndege mkubwa mwenye kipara anayesimama jalalani. Kisha nendeni pembeni mwa mafunjo asubuhi, mhesabu ndege mnaowaona.

2. Familia chache zichangie teksi moja hadi Najjembe, kwenye lango la Mabira. Lipeni kiingilio na mchukue mwongozaji. Ondokeni mapema baada ya Swala ya Alfajiri, kwani ndege huimba zaidi asubuhi.

3. Vaeni suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu. Bebeni maji ya kunywa na ya kutawadhia, na mrudi na taka zenu.

4. Darubini moja inatosha watoto watano wakijifunza kupokezana.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha mtu, ndege au mnyama akala kutoka kwake, hiyo ni sadaka yake. Tuwaonyeshe watoto wetu ndege hao kwanza. Wakishawajua, inshallah, watajua wenyewe kwa nini mafunjo yanayobaki yasifukiwe.