Leso ina jina, mahadhi hayana duka: ngoma za harusi za Mombasa na waliozirithisha

Ukiingia Biashara Street kutokea Digo Road msimu wa harusi, utawakuta kina mama wameshika leso wakiyatafuta maandishi kabla hata ya kuuliza bei. "Hebu nisomee jina, mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani," mmoja atamwambia kijana wa duka. Kijana ataikunjua doti nzima juu ya meza na kulisoma jina kwa sauti, kisha atanyamaza, maana anajua mama huyo anapima maneno yatamfikia nani. Likikubalika, zitafungwa doti kadhaa za namna moja, sare ya upande wa bibi harusi. Usiku wa chakacha zitafungwa viunoni, na atakayelengwa atasoma mwenyewe.

Mtaa huu umeuza maneno kwa zaidi ya miaka mia moja. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo alama yake ya "Mali ya Abdulla" imo kwenye makabati ya bibi zetu pwani nzima, ndilo linalotajwa sana kila inapoelezwa jinsi majina yalivyoanza kuchapwa kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Ukitaka kujua wanawake wa Mvita walikuwa wakigombana juu ya nini enzi fulani, leso zitakupa fununu. Ila ukitaka kujua walikuwa wakicheza kwa mahadhi gani, hapo Biashara Street haina la kukuambia. Mahadhi hayakuchapwa popote. Yamepita kinywani na mkononi, kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, na kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia.

Tuanze na chakacha yenyewe. Ni ngoma ya wanawake, ya harusini, ya kiuno. Ngoma zake kuu ni vumi, yenye sauti nzito, na chapuo, ndogo na kali. Panapo watu wa kazi pia pana msondo, na nzumari juu yake. Mapigo yake huhesabika sita, na utamu wote umo katika kuyagawa: vumi likiyatia mafungu mawili, chapuo huyakata matatu, na mchezaji huamua kiuno kimfuate nani. Mgeni hupiga makofi mahali pasipo pake. Msichana aliyekulia mitaa ya Kuze au Kibokoni hakosei, na ukimuuliza nani alimfunza atakwambia hakufunzwa na mtu. Alikuwa akibebwa mgongoni mamake akicheza.

Kabla ya chakacha kushika usukani wa harusi, jina kubwa mjini lilikuwa lelemama. Wanawake walijipanga safu, wakacheza kwa mikono na mabega kwa utulivu wa kifalme, huku pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti. Lelemama ilikuwa na vyama, na vyama vilikuwa na vyeo, michango na uadui. Wazee wa Mji wa Kale waliyajua majina ya Ibinaal Watan na Banu Saada kama vijana wa leo wanavyozijua timu za mpira. Chama kimoja kikitoa wimbo wa mafumbo, kingine hakikulala mpaka kimepata jibu, na karamu ya huku ilibidi ipitwe na karamu ya kule. Fedha zilikwenda, na ndoa nyingine zikatikisika.

Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyefika Mombasa miaka ya 1970 kuwasikiliza wanawake hao, alieleza jinsi nguvu ile ya kupanga watu na kuchanga ilivyohamia kwingine. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake wa Kiislamu wa mji walikuwa na vyama vya elimu na haki, na uzoefu wa lelemama haukuwa mbali. Yeye na Sarah Mirza ndio waliotuachia kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Mmoja wao, Mishi wa Abdala, alikuwa kungwi. Kungwi alimfunda mwari, na mafundo yake hayakutengana na nyimbo. Kwa hiyo ukitafuta shule ya muziki ya Mombasa, usitafute jengo, tafuta ukumbi wa ndani wa nyumba ya mwari, mlango umefungwa.

Wanaume nao walikuwa na yao, na hapa hadithi inachekesha. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 vijana wa mjini waligawanyika katika vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Hao wa Scotchi walivaa sketi za askari wa Uskoti, wakaandamana mitaani kwa muziki wa bagpaipu, huku wapinzani wao wakijipamba kwa heshima za mfalme. Anayedhani mahadhi ya mjini yana asili moja safi ajiulize vijana wale waliporudi nyumbani walikuwa wakipiga mluzi gani. Bandari haichagui kinachoingia sikioni.

Ng'ambo ya pili ya dunia, majirani wa Waskoti hao walioigwa, Waairishi, walikuwa na tatizo kama letu. Jigi, ngoma zao za kuchezwa ambazo nazo huenda kwa mapigo sita, zilikuwa zikirithishwa kwa kusikiliza tu, na watu walikuwa wakihamia Marekani kwa maelfu. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyepanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, aliamua kuyakusanya mahadhi yao. Yeye hakuwa mwandishi wa noti. Alipiga au kuimba, na polisi mwenzake James O'Neill akaandika. Mwaka wa 1903 wakatoa kitabu chenye mahadhi 1,850. Leo kijana wa Dublin au wa Tokyo anaweza kukifungua na kujifunza.

Sisi hatukupata polisi wa namna hiyo. Tulichopata ni santuri, kisha kanda. Lebo ya Mzuri ya duka la Assanand ilitoa santuri ndogo za taarabu ya Mombasa, na baadaye Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ikawa ndiyo mlango wa kanda za kaseti. Kwa njia hiyo sauti za harusi zilivuka hadi Muscat na Dubai, kwenye mikoba ya jamaa.

Watungaji wa enzi hizo kila mmoja alichota kwenye kisima chake. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alizichukua nyimbo za filamu za Kihindi zilizojaza majumba ya senema ya mji na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, alielekea upande mwingine: udi, na mashairi na mahadhi ya kale ya visiwani. Wapenzi wa kila mmoja bado hubishana mabarazani, na mimi siingii. Lakini kwa habari ya ngoma, wa kumshukuru zaidi ni Zuhura Swaleh. Yeye aliitoa chakacha ndani ya ua wa wanawake akaiweka jukwaani, na tashkota, chombo cha nyuzi na vitufe chenye asili ya Japani, ikilia mahali ambapo zamani ungetarajia nzumari. Wako waliosema ameanika mambo ya ndani. Huenda ni kweli, na ndiyo sababu tunaweza kuyasikia leo. Miaka ya 1980 bendi ya Mombasa Roots iliipeleka ngoma hiyo hiyo hadi kwenye disko na hoteli za ufuoni, ikiwa nyepesi kidogo na kiuno kikiwa cha kuonyeshwa watalii.

Sasa harusi nyingi zina kinanda cha umeme au didjei, na mapigo ya chakacha yamo ndani ya kinanda, unabonya tu. Ni rahisi kulalamika. Ila nimeshuhudia pia kina mama wakimzimia mpigaji kinanda chake kwa kuwa pigo limenyooka mno, halina ule mvutano wa vumi na chapuo, kisha wakavuta sinia na debe na kumwonyesha. Kijana alisikiliza, akajaribu, akakosea, akarekebishwa na bibi mmoja aliyekuwa akimpigia mkononi mwake hesabu ya sita. Baada ya muda akawasha kinanda upya, safari hii vidole vyake vikipiga ngoma badala ya mashine, na leso mpya kutoka Biashara Street zikaanza kuzunguka.