Njia za Namugongo

Anayetoka katikati ya Kampala kwenda Namugongo siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, haulizi njia. Anafuata umati: Barabara ya Jinja mpaka Kireka, kisha kushoto kupitia Kyaliwajjala, kama kilomita 15. Kwa aliyekwisha kutembea kutoka Mbarara, hakuna wa kumlaumu akichagua njia fupi. Mahujaji wa Kenya wanaoingilia Busia au Malaba wao hukata kona kabla hata ya kuuona mji.

Mwaka 1886, hata hivyo, safari ya mashahidi wenyewe ilianzia kwingine. Ikulu ya Mengo ilikuwa imeteketea Februari, na Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, alikuwa amehamia Munyonyo, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Huko ndiko alikowahukumu vijana wa ikulu waliokataa kuacha dini ya Kikristo. Tarehe 26 Mei walifungwa kamba wakaswagwa hadi Mengo, na kesho yake wakaelekezwa Namugongo, mahali pa kuulia watu tangu kabla ya Mwanga.

Husimuliwa kwamba wauaji wa Kabaka walikuwa na desturi ya kumuua mfungwa mmoja kila njia panda. Ndiyo maana njia ile ina mashahidi ambao hawakuwahi kuuona moto wa Namugongo. Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki Ttakajjunge, hata Mengo hajafika. Athanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo, Gonzaga Gonza akaishia Lubawo. Mathias Mulumba, mtu mzima mwenye familia, aligoma kuendelea: Namugongo ya nini, na kifo kipo hapa hapa? Walimkata viungo kwenye kilima cha Kampala ya Zamani wakamwacha. Alikata roho siku ya tatu.

Hujaji anayeanzia Barabara ya Jinja huwaacha nyuma karibu wote hawa, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufupi wa njia unapogharimu. Nakivubo yenyewe leo ni vurugu la mabasi, mikokoteni na mitumba. Soko lake, ambalo kila mtu huliita Owino, limepewa rasmi jina la Mtakatifu Balikuddembe, yaani Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekatwa kichwa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki.

Waliofika Namugongo walikaa kifungoni wiki nzima huku kuni zikikusanywa, kisha wengi wao wakachomwa moto pamoja. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, na basilika imejengwa pale alipofia. Waanglikana, waliopoteza watu wao katika moto ule wa pamoja, wana mahali pao jirani, Nakiyanja.

Papa Fransisko alipokuja Novemba 2015 alipita Munyonyo kwanza, Namugongo siku iliyofuata. Kwa gari, lakini mpangilio ulikuwa sahihi. Mwenye siku mbili na aanze Munyonyo, alale Mengo, ashuke Nakivubo alfajiri kabla soko halijafurika. Akishafika Kireka hana tena la kuchagua, umati utambeba.