Kabla ya Ghorofa, Buigiri Ilikuwa na Tembe

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro unapita Ihumwa, unapita Mtumba ulipo Mji wa Serikali, kisha unafika Chamwino yenye Ikulu. Buigiri iko hapo jirani. Wengi wanaifahamu kwa shule ya msingi ya wasioona ya Kanisa Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1950. Siku hizi jina lake linatajwa pia na madalali wa viwanja, na mnunuzi mwenye mpango wa kujenga nyumba za kupangisha hurudi kwenye swali moja: kiwanja hiki kinaruhusiwa kubeba kaya ngapi?

Kwa Wagogo wa zamani, wenyeji wa hapa, swali hilo lisingekuwa na maana. Tembe, nyumba yao ya asili, lilijengwa kwa ajili ya kaya nyingi tangu nguzo ya kwanza. Lilikuwa na umbo la mstatili, vyumba vikipangwa ubavuni kuzunguka ua, na paa bapa la miti na fito lililosilibwa udongo, ambalo wakati wa mavuno liligeuka kichanja cha kuanikia nafaka. Kila mke alikuwa na sehemu yake: chumba cha nje cha shughuli na wageni, na cha ndani cha kulala na kuweka akiba ya mtama na uwele. Mwana akioa, ubavu mmoja unaongezwa. Ng'ombe walilala katikati, uani, hivyo mwizi alipaswa kupita mbele ya milango ya watu wote kabla hajamfikia ndama. Sheria za ujirani zilikuwepo, ila hazikuandikwa: nani ajenge upande upi, nani apitishe mifugo wapi, nani aombwe ruhusa. Mwenye kaya ndiye aliyekuwa ofisi ya mipango.

Kanuni zilizoandikwa zilianzia Pwani. Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi ya Dar es Salaam mwaka 1891, wakaugawa mji kwa aina ya majengo: huku nyumba za Kizungu, kule vibanda. Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuukomaza, na Dodoma, mji uliokua na reli ya kati, nayo ikapata Uzunguni yake na Uhindini yake. Mwaka 1956 ikaja sheria ya mipango ya miji na vijiji. Baada ya uhuru rangi ya mtu ilifutwa kwenye michoro, mahali pake pakawekwa msongamano: mdogo, wa kati, mkubwa. Majina yalibadilika zaidi kuliko viwanja vyenyewe. Viwango vya miaka ya 1990 viliweka kiwanja kidogo kabisa cha makazi kuwa mita za mraba 400, na aliyekuwa akifikiriwa hapo ni mtu mmoja, nyumba moja, uzio mmoja.

Buigiri na majirani zake walionjeshwa mipango ya serikali kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya ukame, ilikuja Operesheni Dodoma. Watu waliokuwa wametawanyika na mifugo yao walikusanywa katika vijiji vya ujamaa, nyumba zikajengwa kwa mistari. Chamwino ilikuwa kijiji cha mfano, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alifyatua matofali pale. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na mtu wa haki hawezi kuibeza. Lakini mstari wa nyumba haukuwa na mahali pa ua wa pamoja. Familia iliyokuwa chini ya paa moja iligawanywa kuwa anwani tatu nne, na ng'ombe wakabaki nje ya hesabu.

Oktoba 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Mpango kabambe wa 1976 uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, chini ya Macklin Hancock, aliyejipatia jina kwa kupanga kitongoji cha Don Mills huko Kanada. Mpango huo ulikuwa na mawazo mazuri kuliko unavyosifiwa: majengo yasiyo marefu, njia za waenda kwa miguu, mabasi yenye barabara yao, masoko na shule karibu na watu. Kipimo chake cha msingi kilikuwa nyumba kumi za chama tawala, zilizokuwa chini ya balozi mmoja. Sijui balozi huyo angelihesabu tembe vipi, nyumba moja au sita.

Ndani ya eneo lake, CDA ilishika ardhi yote na kuwakodisha wananchi kwa hati ya miaka 33. Kwa mtu wa kawaida huo ulikuwa muda mfupi wa kukopea na kujenga ghorofa la watoto na wajukuu. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikaenda kwa manispaa, na hati ya miaka 99 ikaahidiwa.

Badiliko kubwa zaidi kwa wanaoishi pamoja lilikuwa limekwisha kuja kimyakimya mwaka 2008: Sheria Namba 16 ya Umiliki wa Sehemu za Jengo. Kabla yake, hati ilifuata kiwanja, na aliyenunua chumba cha ghorofa ya tatu hakuwa na karatasi yake mwenyewe. Sasa kila mmoja aweza kupata hati ya sehemu yake, huku ngazi, paa na uwanja vikiwa mali ya wote chini ya umoja wa wamiliki. Mzee wa tembe angeielewa sheria hii bila mkalimani.

Buigiri iko Wilaya ya Chamwino, nje ya Jiji la Dodoma, kwa hiyo mchoro wa viwanja vyake unapita kwa halmashauri ya wilaya. Mchoro huo uwe na viwanja vya kaya nyingi vyenye ua, si mistari ya nyumba mojamoja tu. Nawe unayetaka kununua, usiridhike na bikoni alizokuonyesha dalali. Nenda halmashauri, omba kuona mchoro uliopitishwa, usome matumizi yaliyoandikwa kwenye namba ya kiwanja chako, kisha ndipo utoe fedha.