Ugonjwa Kwanza, Mchango Baadaye: Malipo ya Tiba Rufiji na Kibiti

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, na huku bara Kibiti na Bungu, tiba kubwa haikuwa mzigo wa mgonjwa peke yake. Mganga alipewa ada ya kufungua mkoba kabla hajatazama lolote, na ikionekana kuna pepo, gharama ilipanda: ngoma ya kukesha, wapigaji wa kulishwa, mnyama wa kuchinja. Ndugu wa kuumeni na kukeni walikaa kikao, kila mmoja akataja atakacholeta. Boriti za mikoko zilizokatwa kupakiwa kwenye majahazi, mpunga wa bondeni, baadaye korosho na ufuta, vyote viliwahi kugeuzwa kuwa tiba. Wanaosema watu wa huko hawawezi kulipia matibabu makubwa wanasahau historia hiyo. Walilipa, tena sana. Ila mkono wa ukoo ulitoka pale tu watu walipokubaliana kwamba kinachomsumbua ndugu yao ni ugonjwa. Kukubaliana huko ndiko kulikofungua njia ya fedha, na naamini ndiko kunakokosekana leo kwa mtu ambaye maradhi yake ni unene.

Serikali nayo, ilipochukua nafasi ya ukoo, ilifuata mwendo huohuo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu yalitolewa bure, na Rufiji, ambako watu wa bondeni walihamishiwa kwenye vijiji vipya kufuatia mafuriko ya mwisho wa miaka ya 1960, zahanati ilikuwa sehemu ya ahadi waliyopewa. Hazina ilipolemewa, uchangiaji ulianza mwaka 1993. Hata hapo wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wenye kifua kikuu walisamehewa, maana taifa lilikwisha kukiri kwamba mzigo wao ni wa wote. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipewa sheria yake mwaka 2001, ukaja kuboreshwa, na kadi yake ikamfikisha mwanachama hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkulima wa Kibiti hiyo ilikuwa Tumbi, Kibaha. Mbele ya hapo alirudi kwa ndugu zake.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote unatoka hapohapo Rufiji. Kuanzia 1998 wahesabuji walipita nyumba hadi nyumba upande wa kaskazini wa mto, Ikwiriri, Kibiti hadi Bungu, wakirudi kila baada ya miezi minne kuandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Wafiwa waliulizwa kwa upole marehemu alianzaje kuumwa. Majibu yao yaliiwekea wazi halmashauri: malaria na maradhi mengine ya utotoni yalikuwa yakiua kwa kiasi kisicholingana na fungu yalilotengewa. Mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP uliongeza fedha kidogo, isiyofika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, na madaktari wa wilaya wakapanga upya matumizi. Katika miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Fedha nyingi ilikuwapo tayari. Ilikuwa haijaonyeshwa pa kwenda.

Unene haujapata wa kuuhesabu namna hiyo. Lugha yenyewe imeuficha. Aliyekonda huulizwa kulikoni, aliyenenepa huambiwa amenawiri. Na miaka ambayo UKIMWI ulikuwa hauna dawa ilizidisha hali hiyo, kwani mwili mnene ulikuwa kinga dhidi ya minong'ono. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Hospitali ya Mloganzila, iliyo chini ya Muhimbili, imeanza kuweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupunguza uzito, na upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula unajulikana duniani kwa kushusha hata kisukari. Mwenye kuuhitaji, akiitisha kikao cha ndugu, atachangiwa? Kwa mguu uliooza kwa kisukari, ndiyo. Kwa upasuaji ambao ungeuokoa mguu huo, ataambiwa anatafuta urembo.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza: delta ina mama mjamzito anayesubiri maji yajae ndipo mtumbwi utoke, kumtanguliza mtu mnene ni dhuluma. Nakubali kwamba huyo mama ni wa kwanza, na sidai shilingi yake. Ninachodai ni kuhesabiwa. Wala hakuna aliyejua malaria inastahili fungu gani mpaka wahesabuji walipobisha hodi. La pili ni kwamba mnene amejitakia. Marekani ilishikilia hivyo kwa muda mrefu: miongozo ya bima ya wazee, Medicare, ilikuwa na maneno kwamba unene si ugonjwa. Mwaka 2004 maneno hayo yaliondolewa, na mwaka 2006 bima hiyo ikapanua malipo ya upasuaji kwa wenye unene mkubwa ulioambatana na maradhi mengine. Kilichotangulia kilikuwa kufuta sentensi, malipo mapana zaidi yakafuata.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imefungua tena mjadala wa nini kilipiwe na nani. Wanaopanga vitita, yaani mafungu ya huduma zinazolipiwa, huangalia takwimu zilizopo. Na katika zahanati za delta mizani inayotumika kila siku ni ile ya kliniki, ya kupima watoto na wajawazito. Baba wa miaka hamsini anayekuja kwa shinikizo la damu apande mizani hiyohiyo, na namba yake iandikwe daftarini.