Uwanja Usio na Ukuta: Mafahali wa Isukha na Idakho

Wito wa kuwajengea mafahali uwanja wa kisasa si mgeni Kakamega, magharibi mwa Kenya. Wanaoutoa husema kwamba mchezo uliodumu vizazi kwa vizazi kati ya Waisukha na Waidakho bado unachezewa kwenye nyasi tupu, bila ukuta wala jukwaa, watazamaji wakiwa wamesimama hatua chache kutoka kwenye pembe. Kwao huo ni upungufu wa kufutwa kwa saruji. Kwa maoni yangu wanaisoma historia kinyumenyume. Ukuta haukukosekana kwa sababu watu wa huku walikosa mawe: mawe wanayo tele, kuanzia miamba iliyotapakaa mashambani hadi lile jabali la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, linaloitwa jiwe linalolia. Ukuta haukuwapo kwa sababu mchezo wenyewe unaukataa.

Anayetaka kuelewa hilo na aanze na kanuni ya ushindi. Hapa mtu hapigani na fahali, na hakuna upanga. Mafahali wawili huletwa asubuhi mapema, kabla jua halijawachosha, kila mmoja akisindikizwa na watu wa kwao kwa ngoma za isukuti. Hugonganisha vichwa, husukumana, huvizia shingo na ubavu wa mwenzake, mpaka mmoja ageuke na kutimua mbio. Kutimua mbio ndiko hukumu. Hakuna alama zinazohesabiwa wala muda uliowekwa, na fahali aliyeshindwa anatakiwa apate njia ya kuondokea, arudi zizini, pengine apigane tena msimu mwingine. Akikosa pa kupitia, aliyemshinda hufika na pembe zilizochongwa, na pambano lililokwisha huanza upya upande wa mbavu. Waswahili walikwisha kusema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Uwanja wa duara wenye ukuta, ukiutazama kwa macho ya fahali anayekimbia, ni zizi tu.

Ushahidi wa pili uko katika mahali mchezo ulipochezewa. Moja ya mizizi yake ni shilembe, matanga ya mzee aliyeheshimiwa, hasa aliyekuwa mwenye mafahali: mifugo huletwa nyumbani kwa marehemu na kupiganishwa pale pale, hata kaburi kukanyagwa, na kukanyagwa huko ndiko kumheshimu. Mchezo ulimfuata mtu boma kwa boma. Hakuna ambaye angejenga uwanja wa kudumu kwa shughuli isiyojua itaitwa wapi kesho. Kilichobadilisha mambo ni uhaba wa ardhi. Kakamega ilifanywa makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo mwaka 1920, na dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931 wachimbaji wa Kizungu walimiminika hadi serikali ya kikoloni ikaibadili sheria ya ardhi ya hifadhi za wenyeji mwaka 1932, ili mwenyeji aweze kuondolewa shambani pake bila kupewa ardhi nyingine badala yake. Baadaye zikaja hati za kumiliki ardhi, watu wakaongezeka, na malisho ya pamoja yakamalizwa na mahindi, chai na miwa. Katika eneo lenye mabonde na miamba, sehemu tambarare zilizobaki bila mwenyewe zilikuwa chache, na ndiyo maana mchezo wa leo unatajwa kwa majina ya viwanja vya umma na vituo vya soko: Malinya, Khayega, Shinyalu. Lakini hata ulipotulia mahali pamoja haukujizungushia kitu. Watu wenyewe hufanya duara, na duara hilo hupasuka fahali anapoelekea upande wake, likajifunga tena akishapita.

Mpinzani makini atauliza: mbona wengine wamejenga na mchezo haukufa? Swali zuri, maana mifano si ya kubuni. Ronda, Uhispania, ina uwanja wa mawe tangu 1785, ila huo nauweka kando: kule fahali huingia ili afe, na ukuta unafaa kazi hiyo. Mifano yenye uzito ni ile ya fahali kwa fahali. Barka, nchini Oman, kuna uwanja wa duara wa mchezo huu. Okinawa, Japani, jumba lenye paa lilifunguliwa Ishikawa mwaka 2007. Hata Yamakoshi, kijiji cha milimani katika mkoa wa Niigata ambako theluji hufukia kila kitu wakati wa baridi na msimu husubiri hadi Mei, mafahali wana uwanja wao maalumu. Tazama, lakini, kinachomaliza pambano huko. Oman, fahali hufungwa kamba na kundi la watu huwavuta wakaachana. Yamakoshi, wahudumu humnasa fahali mguu wa nyuma kwa kamba, wakamshika pua, na desturi ni kuwatenganisha kabla mshindi hajapatikana. Ukuta wa kule unavumilika kwa sababu kamba imechukua nafasi ya njia ya kukimbilia. Hata Pemba, ambako katika mchezo wa ng'ombe wa Chwale na Kengeja watu ndio wanaomchokoza mnyama, kamba ipo. Kakamega wachungaji hukimbia kando ya mafahali na fimbo mkononi, wakihimiza kwa sauti. Ukileta ukuta bila kamba umeleta nusu ya mashine, na ukileta vyote viwili umebadilisha mchezo, jambo linalowezekana, ila lisemwe waziwazi.

Hoja ya usalama haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa watu hukanyagwa na kuchomwa pembe, na wengine hufa. Wanaotetea wanyama nao wana Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na sidhani kwamba neno utamaduni peke yake linawajibu. UNESCO ilipoiweka ngoma ya isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, mwaka 2014, haikuwa imewapa mafahali kibali chochote. Ila hoja zote mbili, ya mtu na ya mnyama, zinaelekea upande mmoja na historia: fahali anayeweza kuondoka huumia kidogo zaidi, na mtazamaji aliyeinuliwa juu ya njia ya fahali huyo hakanyagwi. Basi pesa za kaunti zikipatikana, zijenge tuta la udongo lenye ngazi kwa ajili ya watu, zifungue mapito mapana pande mbili au tatu yanayoelekea kwenye nyasi, zichimbe mitaro ili mvua nyingi za huku zisigeuze uwanja kuwa tope ambamo kwato huteleza. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa barabara zaidi kuliko ya mchoraji wa viwanja vya mpira, na gharama yake ni ndogo kuliko ya ukuta.