Tezi Shingoni mwa Mtoto: Hofu ya Wazazi wa Kanda ya Kati na Chimbuko Lake

Kinundu kidogo chini ya taya la mtoto wa miaka mitatu kinaweza kumnyima mama usingizi kwa wiki nzima, na akimpeleka mtoto zahanati huenda akapewa jibu fupi: hizo ni tezi tu, zitapungua zenyewe. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Linaloniudhi ni lile linalosemwa pembeni baada ya mama kuondoka, kwamba wazazi wa vijijini huogopa kila kitu kwa sababu hawajaelimika. Historia ya Dodoma, Singida na maeneo yanayoyazunguka inaonyesha jambo tofauti. Hofu ya tezi zilizovimba ilijengwa na magonjwa ya kweli, ikakuzwa na kampeni za tiba zenyewe, kisha ikaachwa mikononi mwa wazazi pale wataalamu walipohamishia macho yao kwingine. Anayetaka kuituliza lazima kwanza akubali kwamba ina sababu.

Tuanze na tauni, maana hakuna ugonjwa uliowafundisha watu kuogopa mtoki, yaani tezi iliyovimba, kwa ukali kama huo. Mtu huumwa na kiroboto aliyetoka kwa panya, na baada ya siku chache tezi ya kinena, kwapa au shingo huvimba na kuuma vibaya. Asipotibiwa, huenda asimalize wiki. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Kijerumani Robert Koch alichunguza ugonjwa wa Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, akathibitisha kuwa ni tauni. Haikubaki huko. Singida na Mbulu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako tauni imeandikwa, na Mbulu iliugua tena mwaka 2007 na 2008. Lushoto, iliyo mbali na uwanda huu wa kati, ilihesabu wagonjwa zaidi ya 7,000 kati ya mwaka 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Nyumba inayohifadhi mtama ndani, na watoto wanaolala chini karibu na nafaka hiyo, iko karibu na panya. Mzazi wa mazingira hayo aliyeshtuka kuona mtoki kwenye kinena cha mtoto hakuwa akikuza jambo dogo.

Kisha wakaja watu wa serikali kuzipapasa tezi hizo wenyewe. Ugonjwa wa malale ulipowaua watu kandokando ya maziwa makuu, madaktari waligundua kwamba vijidudu vyake huonekana kwenye majimaji ya tezi za shingo. Koch alifanya kazi visiwani Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, akitibu kwa atoxyl, dawa yenye arseniki iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Katika koloni la Wajerumani, kando ya Ziwa Tanganyika na huko Bukoba, waliajiriwa Waafrika ambao kazi yao ilikuwa kupita vijijini na kupapasa shingo za watu, wakubwa kwa watoto. Aliyekutwa na uvimbe aliweza kupelekwa kambini. Fikiria maana yake kwa familia: uvimbe ambao jana haukumhusu mtu nje ya nyumba, leo umekuwa sababu ya kutenganishwa. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na pamoja na mizigo ilibeba wapagazi, askari na habari za huko. Uwandani penyewe mapambano yalichukua sura nyingine. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton alifanyia Kondoa Irangi sehemu ya utafiti wake wa mbung'o, wadudu wanaoeneza malale, na chini ya utawala wa Waingereza mkazo ukawa kufyeka vichaka na kuhamisha makazi. Shingo ya mtoto haikuwa tena shabaha ya kampeni.

Ugonjwa wa tatu ndio ninaouona mzito zaidi kwa Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, kwa sababu unapitia kwenye chakula ambacho watu wanakipenda na kukitegemea. Kifua kikuu hakikai kifuani pekee. Kwa watoto hasa kinaweza kushika tezi za shingo, zikavimba taratibu bila maumivu makali, zikashikamana, na mwishowe zikapasuka na kutoa usaha kwa miezi. Ulaya ilijua tatizo hili kwa karne nyingi, kiasi kwamba wafalme wa Uingereza waliwagusa wagonjwa kwa imani kuwa mguso wao unaponya. Sehemu ya ugonjwa huo ilitoka kwa ng'ombe kupitia maziwa mabichi. Mwaka 1901, jijini London, Koch alitangaza kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya kifalme ya Uingereza ilifanya kazi hadi mwaka 1911 na kuonyesha kwamba alikosea. Wakati huohuo Mpwapwa ilikuwa kitovu cha utabibu wa mifugo cha koloni, na ilikuwa na sababu nzuri ya kushughulishwa na sotoka, iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji mikono mitupu. Ila swali la kile kinachopita kutoka kiwele cha ng'ombe hadi shingo ya mtoto lilisubiri sana. Ni mwaka 2001 ambapo Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha ushahidi kwamba baadhi ya tezi za shingo zilizopimwa kutoka kwa wagonjwa wa Tanzania zilikuwa na bakteria wa ng'ombe. Sayoki Mfinanga na wenzake walifanya utafiti wa aina hiyo mkoani Arusha, wakakuta pia bakteria wengine wa jamii hiyohiyo wanaoishi kwenye mazingira. Maziwa hayakuwa maelezo ya kila tezi. Kwa baadhi yalikuwa maelezo kamili.

Hapa kuna jambo linalofaa kusemwa waziwazi kuhusu mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa ushirikiano na daktari Karel Styblo. Ulikuwa mpango mzuri. Dunia ilijifunza kutoka kwake namna ya kumfuatilia mgonjwa hadi amalize dawa, na maelfu ya Watanzania walipona. Msingi wake, hata hivyo, ulikuwa makohozi chini ya hadubini: anayekohoa bakteria ndiye anayeambukiza wengine, basi atafutwe yeye kwanza. Kwa kuvunja mnyororo wa maambukizi, mantiki hiyo haina kasoro. Lakini mtoto mdogo hatoi makohozi, na kifua kikuu (TB) cha tezi hakionekani kwenye makohozi. Mama aliyefika na mtoto mwenye vinundu alikuwa na dalili ambayo kipimo kikuu cha mpango hakikuundwa kuiona. Wasiwasi wake haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Atasema mtu, na kwa haki, kwamba tezi nyingi za watoto hazina uhusiano na tauni, malale wala kifua kikuu. Kweli kabisa. Shingo ya mtoto mwenye afya huwa na tezi zinazogusika, kwa sababu mwili wake unakutana na vijidudu vingi kwa mara ya kwanza. Koo likiuma, jino likioza, sikio likitoa usaha, mapunye au upele ukiingia kichwani, tezi za karibu huvimba na huchukua wiki kadhaa kurudi. Hata chanjo ya kifua kikuu yenyewe huweza kuvimbisha tezi ya kwapa upande ilikochomwa. Ila tuulize kwa nini ngozi na macho ya watoto huandamwa na maambukizi mara kwa mara. Sehemu kubwa ya uwanda hupata mvua za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki maji hutafutwa kwa miguu. Kongwa, wilaya iliyofahamika duniani kwa mpango ulioshindwa wa karanga wa miaka ya 1940, baadaye ikawa mahali pa utafiti mkubwa wa trakoma, ugonjwa wa macho, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba kuhimiza usafi wa nyuso za watoto pamoja na kutoa dawa kulipunguza trakoma kali. Wanawake wa huko walipima kila ndoo kwa mahitaji mengi: kupika, kunywa, ndama, na mwisho uso wa mtoto. Kwa hiyo hata tezi ya kawaida, ile isiyoua, inaeleza maisha ya maji katika nyumba. Kumwambia mama kuwa ni tezi tu bila kukagua kichwa, masikio na koo ni kuacha kazi nusu.

Pingamizi lingine ni kwamba wazazi haohao huanzia kwa mganga wa jadi, mtoto akachanjwa chale au akakatwa kimeo kwa sababu anakohoa, na siku zikapotea. Madhara hayo ni ya kweli, na sitayatetea: damu hutoka, kidonda huingia uchafu, mtoto aliyehitaji dawa za TB hukaa miezi bila dawa. Lakini mzazi hageukii wembe kwa sababu hajali. Hugeuka pale alipoambiwa hakuna kitu, naye akiona kila siku kwamba kipo. Mganga humshika mtoto shingo, huuliza uvimbe ulianza lini, humpa mzazi maelezo. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya uongo, na bado yakamshinda mtaalamu ambaye hakueleza chochote.

Maelezo ya kweli si marefu. Tezi ndogo, laini, inayotembea chini ya kidole kwa mtoto anayecheza na kula inaweza kusubiri wiki kadhaa ikiangaliwa. Inayozidi sentimita mbili, iliyo ngumu, iliyo juu ya mfupa wa mtulinga, inayoendelea kukua baada ya mwezi, au inayoandamana na homa zisizoisha, jasho la usiku na kupungua uzito, inataka uchunguzi pamoja na kipimo cha VVU. Iliyotokea ghafla kwa maumivu na homa kali, mahali panapojulikana kwa tauni, haingoji hata siku moja. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limependekeza kupima TB kwa mashine ya GeneXpert kutumia majimaji yanayovutwa kwa sindano kutoka kwenye tezi. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi anaweza kuthibitishwa ugonjwa wake kutokana na kinundu hichohicho kilichomtisha mama yake, mradi kiwepo kituo chenye mtu wa kushika sindano na njia ya kuifikisha sampuli maabara.